Anko, tairi la 45 au nibaki na 40? Na hii baridi ya Oklahoma nivae nini?

Shikamoo Anko,

Mi ni mtu wa Muheza ila kwa sasa niko Tulsa, Oklahoma, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, zamu za usiku. Kwetu baiskeli ni ya kubebea machungwa kuyatoa shamba mpaka barabarani, sikuwahi kuwaza kama kuna mtu analipa hela yake mwenyewe ili akateseke nayo kutwa nzima, ila tangu nianze kuangalia video za mbio za baiskeli za Migration Gravel Race, zile za Maasai Mara zilizoanza 2021, na wale vijana wa Team Amani, Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, wanavyoikimbiza rafu rodi, nikanasa. Nikanunua baiskeli ya gravel, yaani ya barabara za changarawe, ya mtumba, nikajiunga na jamaa wa hapa wanaotoka kila Jumamosi, na mwezi wa tatu huu nimejiandikisha mbio za changarawe za Mid South kule Stillwater, hapahapa Oklahoma, maili 100. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa.

Sasa Anko shida ni kwamba kwenye kikundi kila mtu ana lake. Mmoja anasema tairi zangu za milimita 40 ni nyembamba mno, niweke 45 au zaidi, eti pana ndo mpango mzima siku hizi. Mwingine anasema 40 zinatosha. Hizo 45 nimeshaziweka kwenye kapu la duka la mtandaoni bado kulipa tu, moja inakaribia dola 70 na zinatakiwa mbili, na mama watoto akiiona meseji ya benki hapo nyumbani hapatakalika.

La pili ni baridi. Juzi kati tulitoka asubuhi kipimajoto kinasoma sifuri, nikavaa fulana ya pamba, hudi, na juu yake lile jaketi langu nene la kuendea kazini. Mwanzoni raha mustarehe. Tulipoanza kupanda vilima jasho likanitoka mpaka mgongo unatiririka, af tukasimama kituo cha mafuta wenzangu wanywe kahawa, aisee Anko, nilitetemeka mpaka kahawa inanimwagikia kwenye glovu, na vidole vikagoma hata kushika zipu. Ikabidi mtoto wa miaka kama kumi aliyekuwa na baba yake anifungie zipu. Aibu niliyoisikia sina pa kuiweka.

La tatu maji. Kwenye baridi sisikii kiu kabisa. Siku hiyo nilirudi na chupa moja haijaguswa na kichwa kikaniuma mpaka naingia zamu. Nikisema ninywe nako nabanwa na mkojo kila wakati, na kuyavua yale manguo yote pembeni ya barabara ni kazi. Kuna anayeniambia kwenye baridi mwili hauhitaji maji mengi, kuna anayesema ninywe kama kawaida.

Naomba unisaidie Anko, siku zinakwenda. Ninunue nini, niache nini?

Mtu wa Muheza, Tulsa


Marahaba mwanangu, poleni na upepo wa huko.

Kwanza usilipie hizo tairi. Sijasema ni mbaya, nimesema usilipie, ngoja upime kitu kimoja kwanza ntakueleza hapo chini.

Na kabla ya tairi nikwambie nilichokiona kwenye barua yako. Wewe unapigana na baridi, lakini kilichokutetemesha pale kituo cha mafuta ni maji. Ulikuwa umeloa. Sifuri ya ukavu mtu aliyejipanga anaiendesha kutwa nzima anaimba, sifuri ukiwa umelowa mgongo hata dakika kumi za kusimama ni nyingi. Na tairi ni hivyo hivyo, hakuna anayeshindwa Stillwater kwa sababu changarawe ni ya baridi, wanashindwa pale udongo unapolowa. Na kichwa kuuma ni maji yaleyale, ila hapo yametoka mwilini na wewe hukuyaona yakitoka. Kwa hiyo kila ninachokwambia kuanzia hapa kichuje kwa swali moja tu, hiki kitu kikilowa inakuwaje?

Haya, tairi. Barabara za kuzunguka Stillwater ni udongo mwekundu, na ukiwa mkavu ni mtamu, unaweza kupita na tairi la aina yoyote. Ukilowa unageuka udongo wa kukandikia nyumba, unaujua ule, unashika tairi, unajaza pale tairi linapopita kwenye fremu, na ukiongezea majani makavu ya pembeni ndo unakandika kwelikweli, gurudumu linagoma kuzunguka. Mwaka 2020 mbio zilipigwa mvua na baridi ya kutosha, watu wakatembea na baiskeli mabegani, na wengi waling'oa ule mkono wa gia wa nyuma kwa sababu walilazimisha kukanyaga pedali huku kila kitu kimejaa tope. Mkono ukivunjika katikati ya mashamba ya watu siku yako imeishia hapo.

Sasa chukua alenki ya milimita 6, ile iliyomo kwenye vifurushi vingi vya spana za baiskeli. Ipitishe kati ya tairi na fremu, nyuma kwenye ile sehemu nyembamba karibu na pedali, kulia na kushoto, halafu mbele kwenye uma, kulia, kushoto na juu. Ukiwa na tairi za 40 ikipita bila kukwaruza, una nafasi ya tope kiasi. Ukiweka 45 unaongeza milimita 5 za upana maana yake kila upande umepoteza mbili na nusu, na juu nako tairi linanyanyuka. Kama alenki ilikuwa inapita kwa shida na 40, basi ukiweka 45 haitapita kabisa, na hapo tope halina pa kutokea. Huyo jamaa yako anayesema pana ndo mpango huenda fremu yake inabeba mpaka 50 na bado ina nafasi, yeye yuko sahihi kwa baiskeli yake. Yako ni ya mtumba, fremu nyingi za zamani kidogo zinaishia 40 mpaka 42, kwa hiyo ushauri wake kwako unaweza kuwa sumu.

Mi kwa maoni yangu baki na 40, kwa sharti moja tu kwamba hazijawa kipara. Angalia meno ya pembeni, yawe yameachana vizuri ili tope lipate kudondoka, katikati yakiwa madogomadogo haina shida. Tairi lenye meno yaliyobanana hata liwe jipya linajaa tope baada ya mita chache tu na kuanzia hapo unaendesha sabuni. Kama zimeisha kweli, nunua mpya lakini za 40 hizohizo, na mwambie mama watoto kabla benki haijamwambia.

Kuhusu upepo wa tairi, usijazie sebuleni ukadhani umemaliza. Ukijaza PSI 35 (kile kipimo cha upepo kwenye pampu) ndani ya nyumba yenye joto la nyuzi 20, ukitoka nje kwenye sifuri zinabaki kama 31 na ushee, hewa inajikunja kwa baridi hata kama hakuna pancha. Watu wengi wanaamka wanakuta tairi limelegea wanaanza kutafuta tundu lisilokuwepo. Pima asubuhi palepale nje. Hujaniambia uzito wako wala kama tairi zako zina tyubu au la, ila mtu wa kilo 75 hivi, tairi la 40 lisilo na tyubu, aanze na 30 nyuma na 28 mbele, akiwa na tyubu aongeze nne tano ili rimu isibane tyubu kwenye mawe. Na kama huna tyubu hakikisha dawa ya kuziba pancha iliyomo ndani bado ni majimaji, tikisa gurudumu karibu na sikio usikie inacheza, ikiwa imekauka ongeza wiki hii, usisubiri usiku wa kuamkia mbio. Tyubu ya akiba unabeba vilevile.

Siku yenyewe ukiona kuna tope, shuka kabla baiskeli haijakwama. Watu wanaona aibu kushuka, wanakanyaga mpaka inasimama yenyewe, na hapo tope limeshajipiga pasi. Shuka, ibebe begani, tembea pembeni kwenye majani, usiisukume kwenye majani hayo maana ndo unakandika kama nilivyokwambia. Na beba kile kibao cha kukorogea rangi, duka la rangi ukinunua kopo wanakupa bure, kichomeke mfuko wa nyuma. Watu wenye baiskeli za maelfu ya dola utawakuta wanakwangua tope kwa vidole, we unatoa kibao chako.

Sasa nguo, na hapa ndo ulipoharibikiwa zaidi. Fulana ya pamba siku ya baridi iache kabatini. Pamba inakunywa jasho halafu inalishikilia kwenye ngozi, ukisimama kidogo unavaa barafu. Tafuta fulana moja ya kubana ya sufu nyembamba, au ya poliesta ya michezo, maduka ya mitumba ya huko yamejaa hizo kwa bei ya soda. Juu yake jezi ya mikono mirefu. Juu ya jezi kizibao chepesi cha kuzuia upepo, mbele kiwe hakipitishi, mgongoni kiwe cha wavu ili mvuke utoke. Basi, kwa sifuri mpaka nyuzi tano kifua chako kimetosha. Lile jaketi la kazini ni la kusubiria basi.

Unaona kizibao kidogo lakini kumbuka bodaboda wetu, wanavaa jaketi nyuma mbele, zipu mgongoni. Hawajasoma popote, wamejua wenyewe kwamba upepo unaingilia kifuani. Na Oklahoma shida ni upepo, nyuzi sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unahisi kama hasi 6, na hapo hata hujaanza kuhesabu upepo wako mwenyewe wa kwenda mbele. Mwezi Machi huo huko una mambo yake, mwaka 2025 mbio za baiskeli zilifutwa kabisa na sababu haikuwa baridi wala mvua, ni moto wa nyika uliosukumwa na upepo mkali ukachoma nyumba za watu Stillwater. Kwa hiyo usinunue nguo kwa ajili ya baridi peke yake, unaweza kuanza na glovu nzito saa mbili asubuhi na saa nane mchana ukawa unatafuta kivuli. Ndo maana napenda vitu vya kuvua na kukunja, ile mikono ya kuchomeka na ile miguu ya kuchomeka, kuliko suruali nene moja ambayo ukiivaa umeivaa. Ila magoti yafunike mpaka jua litoke kweli, goti la baridi linauma kesho yake.

Kipimo changu ni hiki, pale mstari wa kuanzia uwe unasikia baridi kidogo. Ukiwa na joto zuri umesimama tu, vilima vya kwanza umelowa. Kuna kusubiri pale kwa muda, kwa hiyo vaa hudi lako juu ya vyote, na mama watoto awe pembeni, dakika ya mwisho unalivua unamrushia. Mchukue Stillwater bwana, pengine akiona wazee wa miaka sabini wamevaa kaptura za kubana ataacha kukuita umechanganyikiwa.

Vidole. Wewe uko nyumba ya wazee, glovu za nitrili unazivaa zamu nzima, zile za bluu. Nunua boksi lako mwenyewe dukani, usichukue za kazini utakuja kunilaumu, vaa moja moja chini ya glovu za baiskeli. Mkono utatoka jasho, utakunjamana kama umefua nguo kutwa, lakini hautapigwa na upepo wala mvua, na joto linabaki. Halafu weka pea ya pili ya glovu kavu kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, utaibadilisha kwenye kituo cha katikati. Kama ningeambiwa nibebe kitu kimoja tu cha akiba siku ya baridi ningebeba glovu kavu, maana vidole vikifa huwezi kubana breki, huwezi kubadili gia, huwezi kufungua chakula, na zipu umeshajionea mwenyewe.

Miguuni usivae soksi mbili kwenye kiatu kilekile. Kiatu kinabana, damu haifiki, vidole vinaganda haraka kuliko ungevaa soksi moja. Soksi moja ya sufu, na kifuniko cha kuvalia juu ya kiatu. Kifuniko huna, funga mfuko wa nailoni kwenye vidole ndani ya kiatu kama kuna nafasi, sura haionekani.

Maji sasa. Wale wenzako wawili kila mmoja ana nusu. Kweli kwenye baridi jasho linapungua, kwa hiyo huhitaji kama kule Mara. Lakini baridi inakufanyia ujanja, damu inakimbilia ndani kwenye kifua na tumbo ili vilivyomo visipoe, figo zinaona kama maji yamezidi zinayamwaga, ndo huo mkojo wako wa kila wakati. Wakati huohuo kiu inapungua, na kila ukihema ule mvuke unaouona mdomoni ni maji yako yanaondoka. Ukijumlisha na jasho lililofichwa chini ya jaketi, unarudi umekauka na chupa imejaa. Kichwa lazima kiume.

Piga hesabu ya nusu lita kwa saa, kidogo chini yake ukiwa mkavu na unaenda taratibu, usisubiri kiu, weka saa ya mkononi ikulilie kila robo saa unywe mafunda mawili matatu. Usinywe mpaka tumbo linabembea, maji mengi bila chumvi nayo ni hatari, wewe unafanya kazi na wagonjwa unajua sodiamu ikishuka mtu anakuwaje. Weka chumvi na sukari kwenye chupa, ama ule unga wa kuchanganya wa madukani. Na weka ya moto, yasiyounguza, asubuhi hiyo, maana kikubwa kinachowafanya watu wasinywe kwenye baridi ni kwamba maji yenyewe yanakera meno. Tangawizi ukitaka weka, nani atakukataza.

Ila chupa mbili hazikutoshi. Maili 50 za kwanza kwa mtu ambaye hajawahi ni saa nne mpaka tano, kutegemea upepo na tope, hiyo ni lita mbili mpaka mbili na nusu, na chupa mbili kubwa ni lita moja na nusu. Ongeza chupa ya tatu chini ya fremu, au begi la maji la mgongoni. Begi livae chini ya kizibao lipate joto la mwili, na ukishakunywa pulizia hewa kwenye mrija maji yarudi ndani, yakibaki kwenye mrija kukiwa chini ya sifuri yanaganda na huna tena cha kufanya. Chupa nazo nunua zenye kifuniko cha mdomo. Zile barabara zinapita katikati ya mashamba ya ng'ombe, lile tope linalorukia mdomo wa chupa siyo tope peke yake, kuna watu wanamaliza mbio vizuri halafu usiku wanakesha chooni.

Chakula hukuniuliza ila nakwambia. Zile baa za kutafuna kwenye baridi zinakuwa ngumu, kama una meno ya mkopo utayaacha hapo. Mtu wa Tanga hashindwi na tende. Zitoe kokwa nyumbani, zifunge mojamoja au mbilimbili kwenye karatasi laini unayoweza kuifungua na glovu, weka mfuko wa jezi ulio karibu na mwili. Tende kubwa moja ina kama gramu 18 za wanga, tatu kila saa ni karibu 54, ukinywa na maji yenye sukari umefika. Kashata pia inafaa, ile ya nazi isiyo ngumu. Jaribu Jumamosi hii na kikundi, siku ya mbio si siku ya kujua tumbo linapenda nini.

Mkojo utakuwepo tu, nenda kabla ya kuanza hata kama hujabanwa, na kama kaptura yako ni ile yenye mikanda ya mabegani hakikisha jezi inafunguka zipu mpaka chini, vinginevyo utavua kila kitu kwenye upepo ule.

Vitu viwili vya mwisho. Vipande vya breki, kama ni vile laini vya rezini na siku ikawa ya tope, vinaweza kuisha siku moja, mwambie fundi akuangalizie na kama vimebaki vyembamba weka vya metali. Na zamu, omba usipangwe Alhamisi na Ijumaa usiku. Mtu ambaye hajalala anasikia baridi kuliko aliyelala, na hilo hakuna kizibao kitakachokusaidia.

Ukishapima na ile alenki niandikie, hasa pale nyuma upande wa cheni, ndo panapobana fremu nyingi. Kama hata kwa 40 haipiti, tutaongea habari ya 38.

Anko